Rangi ya Damu ya Mzee: Maisha ya Arthur Beetson

Hotuba kwa wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili, Logan, Queensland

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, ndugu zangu wazazi, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango,

Nashukuru kwa nafasi hii. Niliombwa nizungumze nanyi kabla msimu wa raga wa watoto haujaanza, kwa sababu kila Jumamosi tunaposimama pembeni mwa uwanja tumekuwa tukiulizana maswali yale yale: mchezo huu mbona unaumiza namna hii, na mtoto wa mtu aliyetoka Uvira au Bukavu, akapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, akaletwa hapa Logan, anatafuta nini katikati ya vijana wenye mabega mapana kama milango. Ningeweza kuwajibu kwa kuwasomea kanuni. Nimeona ni heri niwaeleze habari za mtu mmoja, kwa kuwa aliyeyajua maisha yake ameujua mchezo, amelijua na jimbo hili tunaloishi, na atatambua humo jambo ambalo sisi tuliohama tunalibeba kila siku: kwamba pale mtu anapopatia riziki huenda sipo anapotoka, na kwamba swali la "wewe ni wa wapi" linaweza kumngoja mtu miaka mingi kabla hajapewa nafasi ya kulijibu.

Mtu huyo ni Arthur Beetson. Sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa Lang Park mjini Brisbane, ule ambao siku hizi umepewa jina la Suncorp, na wengi wenu mmepita mbele yake bila kujua ni nani.

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1945 katika mji wa Roma, kilomita zipatazo 480 magharibi mwa Brisbane, nchi ya ng'ombe na ngano, ambako siku ya mnada wa mifugo ndiyo siku kubwa. Mama yake, Marie, alikuwa miongoni mwa watoto wa Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hii, walionyang'anywa familia zao kwa amri ya serikali na kupelekwa kwenye makazi yaliyotengwa. Yeye alipelekwa Cherbourg. Watoto hao ndio wanaoitwa katika nchi hii Kizazi Kilichoibwa. Naomba tutulie hapo kidogo, wazee wangu, maana jambo hili sisi tunalielewa bila kufafanuliwa sana. Sheria ya Queensland ya mwaka 1897 ilimpa afisa wa serikali mamlaka ya kuamua Mwaborijini akae wapi, afanye kazi kwa nani, ujira wake ashikiwe na nani, hata aoane na nani. Nyarugusu tuliomba kibali ili tutoke nje ya kambi kutafuta kuni au kumwona mgonjwa. Watu wa ukoo wa mama yake Beetson waliombea vibali juu ya ardhi ya babu zao wenyewe. Alipofika Waziri Mkuu Kevin Rudd kusimama bungeni na kuwaomba radhi, tarehe 13 Februari 2008, huyu mtoto wa Marie alikuwa na miaka 63, na maisha yake yote ya uwanjani yalikuwa yamekwisha kupita.

Kwa wale ambao mchezo bado ni mgeni kwao, nieleze machache. Raga wanayocheza watoto wetu ni raga ya ligi, tawi lililojitenga na raga ya zamani tarehe 29 Agosti 1895 huko Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Klabu za miji ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo zilitaka mchezaji anayekosa ujira wa siku kwa sababu ya mechi alipwe fidia, na wakuu wa mchezo, ambao wengi wao hawakuwa watu wa kuishi kwa ujira wa siku, wakakataa. Ni mchezo uliozaliwa kwa ajili ya vibarua, na hapa Australia umekuwa ukichezwa tangu mwaka 1908. Timu ina watu 13; saba ni wakimbiaji wa nyuma na sita ni mafowadi. Timu yenye mpira inaweza kukabwa mara sita, kisha mpira huenda kwa wapinzani. Beetson alipoanza hesabu hiyo haikuwapo. Ilikuja kwanza hesabu ya mara nne mwaka 1967, kisha ya mara sita mwaka 1971.

Katika mchezo huo, kazi ya fowadi ni kuubeba mpira na kwenda nao pale penye watu wengi, akijua kabisa kwamba ataangushwa, ili timu isogee mbele mita chache. Akiinuka, anarudi nyuma, anaupokea tena, anakwenda tena pale pale. Ni kazi ya hamali. Watazamaji wanaimba jina la yule mwembamba aliyekimbia pembeni akafunga trai, yaani akauweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na huku hamali amepiga magoti katikati ya uwanja, anahema, tope limemjaa masikioni.

Beetson alikuwa na kimo na uzito wa hamali, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya fundi wa saa. Fowadi wa kawaida akikabwa huukumbatia mpira kifuani kama mtu aliyekutana na wezi, kwa sababu kuupoteza ni aibu kubwa. Yeye aliingia makusudi katikati ya watu wawili au watatu na kuwaacha wamrukie: mmoja kiunoni, mwingine shingoni, mwingine ananing'inia mguuni. Kisha, katikati ya lile rundo la miili, ungeona mkono mmoja unachomoza juu, mpira umekaa kiganjani kama chungwa, na kwa kifundo cha mkono tu akaudondosha kwa mwenzake aliyekuwa anapita mbio ubavuni. Watu watatu walikuwa wamemshika Beetson, na kwa hiyo hapakubaki mtu wa kumshika yule aliyeupokea. Vijana, tafuteni picha za zamani za mechi zake muangalie mkono ule. Nimezitazama mara nyingi, na kila mara huwa najikuta nimeinuka kwenye kiti.

Hakuanza kama fowadi. Alipotoka Roma alikuja Redcliffe, rasi iliyoko kaskazini mwa Brisbane, akajiunga na klabu ya hapo, na mwaka 1965 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Brisbane yeye akiwa miongoni mwa wakimbiaji wa katikati. Mwaka uliofuata alihamia Sydney kuchezea Balmain. Hapo inafaa nieleze kwa nini alihama, kwa sababu ndipo penye mzizi wa yote yatakayofuata. Klabu za jimbo la New South Wales zilikuwa zimeruhusiwa kisheria kuweka mashine za kamari tangu mwaka 1956. Klabu za Queensland hazikuruhusiwa. Fedha za mashine hizo ndizo zilizokuwa zikiwavuta vijana wa Queensland mmoja baada ya mwingine kwenda kusini, kama fedha za machimbo zinavyowavuta vijana wa vijiji vyetu kule Kongo, na kijana wa miaka 21 mwenye kipaji hakuwa na sababu ya kukataa.

Mwaka huo huo wa 1966 alicheza fainali ya Sydney, Balmain wakafungwa na St George 23-4, na akavishwa jezi ya taifa la Australia dhidi ya Uingereza. Tazameni miaka, ndugu zangu. Ni tarehe 27 Mei 1967 ndipo wapiga kura wa Australia, zaidi ya asilimia 90 kati yao, walipokubali kufuta kifungu cha katiba kilichosema Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Mtoto wa Marie aliichezea Australia kabla katiba ya Australia haijakubali kuwahesabu watu wa mama yake.

Miaka yake ya Balmain haikuwa rahisi, na sitaki kuwapambia. Pumzi yake ilikuwa fupi, na wakambandika jina la mtu wa nusu mechi. Alikwenda Uingereza kuchezea Hull Kingston Rovers katika msimu wa 1968-69, akavunjika mguu. Aliporudi Balmain, timu ikafika tena fainali mwaka 1969 dhidi ya South Sydney, ambao kila mtu alitarajia washinde. Balmain walishinda 11-2. Beetson hakuwemo uwanjani. Mwamuzi alikuwa amemtoa nje katika mechi iliyotangulia fainali, naye akafungiwa, ikambidi awatazame wenzake wakilibeba kombe. Mtu mzima alikuwa na miaka 24, na ubingwa wa Sydney ulikuwa umempita kwa umbali wa ngumi yake mwenyewe.

Mambo yalibadilika alipohamia Eastern Suburbs mwaka 1971. Alikuja kukutana pale na kocha Jack Gibson, mtu aliyekuwa mbele ya wakati wake, aliyechota mafunzo kutoka mpira wa miguu wa Kimarekani, akawa anahesabu kila mchezaji amekaba mara ngapi, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Kocha anayehesabu humwona hamali. Chini ya Gibson, Beetson akiwa nahodha, Eastern Suburbs walitwaa ubingwa wa mwaka 1974 kwa kuwafunga Canterbury 19-4, baada ya klabu hiyo kuusubiri kwa miaka 29. Mwaka 1975 walishinda mechi 19 mfululizo, na katika fainali wakawafunga St George 38-0.

Kabla ya hapo, mwaka 1973, alikuwa amekwisha kuiongoza timu ya taifa uwanjani katika mechi dhidi ya Ufaransa, akawa Mwaborijini wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Australia katika mchezo wa aina yoyote. Mwaka 1977 aliiongoza Australia katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney, wakaishinda Uingereza kwa pointi moja, 13-12. Hayo yote yako kwenye vitabu. Linalonisikitisha ni kwamba katika miaka hiyo hiyo magazeti yalipenda zaidi kusimulia tumbo lake, na ile hadithi ya mikate 11 ya soseji aliyokula kabla ya mechi. Yeye mwenyewe alizicheka hadithi hizo, alikuwa mtu wa moyo mkunjufu. Hata hivyo mimi naona haikuwa haki kwamba mikate ile ilikumbukwa na watu wengi kuliko ule mkono.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwachagulie mtu huyu.

Kila mwaka New South Wales na Queensland zilikuwa zikipambana, na kanuni ilikuwa kwamba mchezaji analichezea jimbo ambalo klabu yake ipo. Kwa hiyo yule kijana wa Roma, tangu ahamie Sydney, alivaa jezi ya buluu ya New South Wales na kuwafunga watu wa kwao. Hakuwa peke yake. Timu ya buluu ilijaa watoto wa Queensland, na watu wa hapa walilazimika kwenda uwanjani kuwatazama vijana wao wenyewe wakiwapiga. Queensland hawakuwa wameshinda shindano hilo la mwaka tangu 1959. Yasikilizeni maneno haya kwa masikio ya mtu aliyehama, ndugu zangu. Nguvu zako zinahesabiwa upande ulikoajiriwa, na nyumbani wanabaki na jina lako tu.

Rais wa chama cha raga ya ligi cha Queensland, Ron McAuliffe, aliyewahi pia kuwa seneta, akasukuma wazo ambalo lilikuwa limekwisha kujaribiwa katika mpira wa Kiaustralia mwaka 1977: mchezaji alichezee jimbo la asili yake. Wengi kule Sydney waliliona kama mchezo wa kuigiza. Wachezaji wa klabu moja, walisema, wanaokula mishahara kutoka mfuko mmoja, hawatapigana kwa dhati kwa sababu tu ya rangi ya jezi. Mwaka 1980 mechi mbili za kwanza zilichezwa kwa kanuni ya zamani, New South Wales wakashinda zote mbili, na mshindi akawa ameshajulikana. Ya tatu, ambayo haikuwa na la kupoteza, ikaachwa iwe ya majaribio.

Beetson wakati huo alikuwa na miaka 35. Alikuwa Parramatta, na hata pale alikuwa anacheza katika timu ya akiba, pamoja na vijana wanaosubiri kupandishwa na wazee wanaosubiri kuagwa. Huyo ndiye Queensland waliyemwita awe nahodha. Mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kuichezea Queensland hata mara moja.

Jumanne usiku, tarehe 8 Julai 1980, watu 33,210 walikuwa Lang Park. Jezi ya Queensland ina ile rangi ambayo sisi kwa Kiswahili tunaiita damu ya mzee, na sijui kama lugha nyingine yoyote ingeweza kuuita usiku ule kwa usahihi zaidi. Alitoka akiwa mbele ya kikosi chake, kifua kipana, mwendo mzito wa magoti yaliyochoka, na wale waliokuwapo husimulia mpaka leo kwamba kelele iliyopanda ilikuwa ya aina nyingine, kelele ya watu waliorudishiwa kitu chao. Miaka 14 walikuwa wamemwona akija kwao kama adui.

Katika mechi ile alimkabili Mick Cronin, mwenzake wa Parramatta, mtu ambaye walivaa jezi moja na kufanya mazoezi pamoja, na Beetson alimkaba kwa mkono uliompata juu. Tukio lile limesimuliwa kwa vinywa vingi. Wengine wanasema ngumi, na wahusika wenyewe baadaye walilipunguza ukubwa, basi nami sitaliongeza. Ilitosha kwamba watu waliliona. Waliokuwa wamesema wenzi wa klabu moja hawatagusana walipata jibu lao pale pale.

Queensland walishinda 20-10. Kerry Boustead alifunga trai, Chris Close akafunga nyingine, na mipira saba ya kupiga langoni ilipigwa na kijana mmoja, Mal Meninga, akaingiza yote saba. Siku ile Meninga alikuwa anatimiza miaka 20. Mwenye miaka 35 na mwenye miaka 20 walikuwa wameingia jezi ya mechi hiyo usiku mmoja, wote wawili kwa mara ya kwanza, na wa kwanza kati yao hakuingia tena. Ndiyo mechi pekee ya kanuni ya asili ambayo Arthur Beetson aliichezea Queensland.

Mnielewe, wazee wangu. Mtu huyu alikuwa nahodha wa taifa, bingwa wa dunia, bingwa wa Sydney mara mbili. Lakini mwulize mzee yeyote wa jimbo hili anamkumbuka kwa lipi, atakutajia dakika 80 alizocheza akiwa amekwisha kuhesabiwa kuwa kachakaa. Kuanzia mwaka 1982 shindano zima likawa la asili, na leo usiku wa mechi hizo barabara za Queensland huwa tupu. Ninyi mliofika hapa majuzi mkajiuliza kwa nini jirani zenu wamepeperusha vitambaa vya damu ya mzee madirishani mwezi wa Juni, sababu ni ile Jumanne.

Maisha yake ya baadaye yaliendelea kuzunguka mpira. Mwaka 1981 alirudi Redcliffe, klabu ya ujana wake, akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, akaifikisha fainali ya Brisbane, wakapoteza 13-9 mbele ya klabu ya Souths ya hapa. Akawa kocha wa Queensland. Katika mechi ya asili ya mwaka 1981 vijana wake walikuwa nyuma 15-0, wakageuza wakashinda 22-15, na nahodha wao akiwa Wally Lewis, ambaye ujana wake ungekuwa umepelekwa kule kule kwenye buluu siku moja kama si kanuni mpya. Beetson aliwaongoza kushinda mashindano ya 1982, 1983 na 1984, akaitwa tena mwaka 1989 wakashinda mechi zote tatu. Aliifundisha pia timu ya taifa, akarudi Eastern Suburbs kama kocha kuanzia 1985 hadi 1988, na baadaye Cronulla mwaka 1992 na 1993. Ukocha wa klabu haukumpa ubingwa wa ligi. Nalisema hilo bila kulificha, kwa kuwa kazi aliyoipenda zaidi, kwa ninavyomsoma, ilikuwa nyingine.

Kazi hiyo ilikuwa ya kutafuta vijana. Miaka mingi ya utu uzima wake aliitumia kama msaka vipaji wa Roosters, ndiyo Eastern Suburbs ile ile kwa jina lake la sasa, akizunguka Queensland kwenye viwanja ambavyo havina majukwaa, ambako watazamaji ni wazazi waliokaa juu ya maboksi ya barafu na mbwa wao. Mtu aliyewahi kuzima sauti za Lang Park alisimama pembeni mwa kamba kutazama watoto wa watu. Nimejaribu kumwaza akiwa pale, mikono nyuma, akimwangalia mvulana mnene ambaye kila mtu anamcheka kwa kuwa hawezi kumaliza mechi. Nani angemtambua mvulana huyo mapema kuliko yeye?

Heshima zilikuja. Alipewa Nishani ya Australia mwaka 1987. Mapema miaka ya 2000 alitawazwa kuwa wa saba katika kundi dogo la wachezaji wanaoitwa Wasiokufa, ambalo ndilo jina la juu kabisa analoweza kupewa mchezaji wa raga ya ligi katika nchi hii. Mwaka 2008, mchezo ulipotimiza miaka 100 Australia, alichaguliwa katika kikosi cha taifa cha karne, na pia akatajwa kuwa nahodha wa kikosi cha karne cha wenyeji asilia. Aliwaona Queensland wakishinda shindano la asili kila mwaka kuanzia 2006 hadi 2011, na vijana wa Kiaborijini wakiwa nguzo za timu hizo.

Tarehe 1 Desemba 2011, asubuhi, alikuwa anaendesha baiskeli huko Paradise Point, katika pwani ya Gold Coast, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka ukumbi huu. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 66. Nimesema hapo awali kwamba alichekwa sana kwa mwili wake, ndiyo maana naitaja baiskeli; siku ya mwisho alikuwa anaufanyia kazi mwili huo. Naitaja miaka 66 vilevile, kwa kuwa wanaume wa Kiaborijini katika nchi hii walikuwa wakiishi takriban miaka 10 pungufu kuliko wanaume wengine, na ubingwa wa dunia haukumtoa Beetson katika hesabu hiyo.

Mwaka mmoja kabla hajafariki, wachezaji wa zamani wa Queensland walianzisha mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa jamii asilia wabaki shuleni, wakiutumia mchezo kama kivutio: ukihudhuria, ukijitahidi, ukiwa na mwenendo mzuri, unapata zawadi za raga. Mpango huo unaitwa ARTIE, jina alilozoea kuitwa na rafiki zake. Katika shule ambazo baadhi ya watoto wetu wanasoma mmewaona walimu wake.

Mwaka jana nilimchukua mwanangu hadi Lang Park mchana, siku isiyo na mechi, tukaenda kuzitazama sanamu. Alizaliwa Nyarugusu, akaletwa hapa akiwa na miaka 6. Mbele ya Beetson alisimama kwa muda mrefu, akaweka kiganja chake kwenye shaba, akaniuliza kama mtu asiyezaliwa Queensland anaweza kuvaa jezi ile. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Nilimweleza kwamba kanuni za siku hizi zinamtambua pia aliyeishi katika jimbo kabla hajatimiza miaka 13, akahesabu kwa vidole, sita mpaka kumi na tatu, akahesabu tena kuanzia mwanzo, kisha hakusema kitu.

Tulipanda treni Milton kurudi nyumbani. Stesheni inayofuata ni Roma Street, na hapo tulishuka kubadilisha treni. Aliona jina hilo kwenye kibao akanivuta shati, akataka kujua kama ndipo alipozaliwa yule mtu. Nikamwambia hapana, Roma yenyewe iko mbali sana, huko magharibi, karibu kilomita 480. Akaniuliza kama treni inafika.